Hatari Kumi na Nne za Bibi Bernadeta

Ijumaa, 10 Desemba 1993

Ninaapa kuandika kila kitu katika daftari hili, pamoja na yale yatakayoniaibisha, ingawa sitarajii yawe mengi. Mimi na Adoyo, ninayelala naye kitanda cha juu na chini bwenini, tumekubaliana: kila mmoja aandike shajara ya likizo, kisha tubadilishane kwa basi la Musoma. Bila kuficha. Adoyo, ukifika hapa ujue nilianza siku ya kwanza ya likizo. Wewe je?

Nimefika leo kwa basi kwa Bibi Bernadeta, mama yake baba yangu, huku Ilemela mlimani. Nyumba imebanwa na mawe makubwa pande tatu. Upande wa nne kuna ngazi ya mawe ya kushukia kwa jirani.

Hali ni mbaya. Mwezi wa kumi Bibi aliteleza kwenye hiyo ngazi akaumia nyonga. Amepona, anatembea na fimbo. Lakini Baba mkubwa Nkwabi, mwanawe wa kwanza, amekata shauri. Jumapili ya tarehe 19 anakuja na pikapu kumhamishia kwake Buhongwa. Kule kuna nyumba mpya, ukuta, geti la chuma na deki ya video. Amekubali jambo moja tu: akifika akaona huku ni salama, atamwacha.

Bibi hataki kuhama. Anasema mwaka jana alikaa nyuma ya lile geti siku tano, na aliyemsalimia kila asubuhi ni mbwa.

Nimemwambia asiwe na wasiwasi. Nina madaftari yangu ya sayansikimu, somo la Usalama wa Mzee Nyumbani, ambalo Mwalimu Apiyo alinipa tisini na mbili. Nimekagua nyumba nzima kwa kufuata daftari. Nimepata hatari kumi na nne. Bibi alinifuata nyuma kila chumba. Mwisho akauliza kama ninatafuta kuku.

Jumamosi, 11 Desemba

Hatari ya kwanza: ngazi ya mawe haionekani vizuri. Dawa: chokaa.

Nimepaka asubuhi yote. Odeta alikuja kutazama. Odeta ni binti wa jirani wa chini, Mama Shimba. Ana umri wangu, anasoma shule ya kutwa, na anajua Bibi anaweka wapi chumvi. Hilo la chumvi analitaja mara nyingi kuliko inavyohitajika. Akaniuliza kama nimeangalia wingu lile la upande wa ziwa. Nilimjibu kwamba chokaa hukauka kwa muda wa saa nne. Akasema, "Haya, Mwalimu."

Mvua ilinyesha baada ya saa mbili.

Chokaa yote ilishuka kwa Mama Shimba. Alikuwa ameanika furu, wale samaki wadogo wa ziwani. Sasa ana furu weupe. Jirani wa juu, Mzee Mihayo, ambaye alifanya kazi kiwanda cha pamba hadi kustaafu, alikuwa anashuka wakati huohuo. Ninaandika kwa haki: mwenyewe anasema hakuanguka, alikaa. Alikaa mara tatu kabla ya kufika chini.

Nimeomba radhi kwa wote wawili. Mama Shimba alisema si kitu, lakini alikuwa anatazama furu.

Jumapili, 12 Desemba

Kanisani. Kurudi ni mwendo wa dakika kumi na tano, tumetumia saa moja na nusu. Bibi alisimama kwa kila mtu. Nilihesabu: watu thelathini na mmoja, na wote aliwauliza habari za mifugo, hata wasio na mifugo. Nimeandika pembeni: kusimama ovyo kunachosha nyonga. Itafutwe njia ya mkato.

Jumatatu, 13 Desemba

Hatari ya pili: Bibi akipatwa na jambo, nani atajua? Mwalimu Apiyo alisema mzee awe na njia ya kuita msaada. Hapa sina budi kujisifu kidogo.

Nimechukua kopo tupu la mafuta ya kupikia, nikatia kokoto. Nimelitundika kwenye paa la jiko la Mama Shimba. Kutoka kwenye kopo nimevuta kamba ya katani hadi kitandani kwa Bibi. Akivuta, kopo linalia, jirani anakuja. Tulijaribu mara moja, Mama Shimba akaja mbio na mwiko mkononi. Safi sana.

Saa nne kopo lililia. Mama Shimba akaja. Kumbe ni mbuzi, amekanyaga kamba. Saa tano, mbuzi. Saa saba Mama Shimba, Odeta na Mzee Mihayo walikuja kwa pamoja. Kumbe ni mbuzi yuleyule, safari hii anaitafuna. Kila walipokuja Bibi aliwakalisha, akawapa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na chai. Kufika saa kumi tulikuwa tumemaliza michembe ya wiki nzima na Bibi alikuwa anacheka mpaka anafuta machozi. Labda ni mshtuko. Nitamchunguza.

Mzee Mihayo alisema kopo zuri, lakini safari nyingine tumwite mbuzi kwanza, tumuulize kama ni yeye.

Jumanne, 14 Desemba

Nimegundua hatari kubwa kuliko zote, na haimo katika zile kumi na nne.

Bibi haamki na moto. Kila alfajiri anachukua kigae cha chungu kilichovunjika, anashuka ile ngazi mbaya na fimbo yake, anakwenda kuomba moto kwa Mama Shimba. Nikamfuata. Kwanza salamu, "Mwangaluka", kisha wanaulizana wamelalaje, nani anakohoa, ng'ombe wa kule kijijini wameonekana au bado. Ndipo anapewa makaa mawili matatu. Kurudi hapandi moja kwa moja. Anazunguka nyuma hadi kwa Mzee Mihayo, anamgawia kaa moja, na yeye pia anaulizwa amelalaje. Saa nzima! Kwa ajili ya moto wa kuchemshia uji.

La ajabu zaidi ni hili. Jioni niliona jiko letu likiwa na kigogo kinachowaka vizuri, kingeweza kukaa hadi kesho. Kabla ya sala Bibi alichukua maji katika kata akakimwagia. Nilimuuliza kwa nini. Akasema moto wa jana hauna ladha.

Nadhani ni umri. Nimeandika kwa kalamu nyekundu.

Jumatano, 15 Desemba

Nimekwenda mjini kwa mama yangu na kurudi na jiko lake jipya la mafuta ya taa, la Kichina, lenye tambi kumi na maua ubavuni. Siku hizi maduka yamejaa vitu, hakuna sababu ya mzee kubeba makaa kwenye kigae kama zamani. Nimeleta na viberiti viwili.

Nilimweleza Bibi kwa utaratibu. Ngazi ni hatari. Makaa ni hatari. Tangu kesho asitoke alfajiri, moto ninawasha mimi, yeye akae. Hadi Jumapili tu, ili Baba mkubwa akute mambo yamenyooka.

Alilitazama jiko muda mrefu. Akauliza kama linatoa moto wa kugawa. Nikasema hapana, ni wa mtu mmoja, ndiyo maana halipotezi kitu. Akasema, "Haya, ng'wanone. Nitakaa kwa ajili yako."

Ng'wanone ni mwanangu. Nilifurahi sana.

Alhamisi, 16 Desemba

Siku bora kuliko zote. Bibi yuko salama kabisa. Amekaa kwenye mkeka tangu asubuhi na hajasema neno. Hakuna aliyekuja. Nyonga imepumzika. Uji ulikuwa tayari kwa dakika kumi na mbili, ingawa ulinukia mafuta ya taa na Bibi aliacha nusu.

Nimetumia utulivu huu kumaliza hatari ya tisa: mlango haufungiki imara. Nimenunua komeo la chuma la kudondosha, lile linaloingia kwenye tundu lenyewe kwa uzito wake. Ubao wa ndani umeoza, misumari haishiki, kwa hiyo nimelifunga upande wa nje. Inapendeza. Nyumba sasa inaonekana kama ofisi.

Jioni Odeta alipita na maji kichwani. Hakuniita Mwalimu. Alisema mama yake anauliza tumekosana nini. Nikasema hatujakosana. Akasema, basi mbona Bibi hakuja kuomba moto? Mtu anayeacha kuomba moto kwako ana neno na wewe, hilo linajulikana. Mama yake anafikiri ni kwa sababu ya furu, kwamba aliwatazama mno. Mzee Mihayo anafikiri ni kwa sababu ya utani wa mbuzi. Leo alikunywa maji tu asubuhi, hakuletewa kaa.

Nilimweleza kuhusu jiko la tambi kumi. Odeta alisikiliza. Kisha akasema, "Kwa hiyo mmejitosheleza," akaenda zake.

Wivu, nadhani. Kwao hawana.

Ijumaa, 17 Desemba

Niliapa kuandika kila kitu. Ninaandika.

Asubuhi Bibi alinifungulia sanduku lake akaniomba nimkunjie khanga. Nikamwuliza anakwenda wapi. Akasema kama kazi ni kukaa ndani, basi hata Buhongwa anaweza kuifanya, na kule kuna kuta nene zaidi. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayesema mvua imekatika.

Nilifikiri anahitaji kitu cha kumchangamsha. Nikaenda sokoni kununua daftari la wageni, lenye jalada gumu, ili wageni waandike jina na saa. Wakati huo sikujiuliza wageni gani.

Nilirudi saa tisa. Mlango umefungwa, komeo limedondoka kwenye tundu lake kama linavyotakiwa. Ndani kimya.

Upepo uliufunga muda mfupi baada ya mimi kuondoka. Bibi alikuwa ndani peke yake tangu saa tatu. Mtungi wa maji niliuweka nje jana, kwa sababu ya hatari ya sita, sakafu yenye unyevu. Alikuwa amekaa sakafuni karibu na mlango, midomo imekauka, fimbo kwenye mapaja. Alitaka kuinuka nyonga ikakataa. Mkononi alikuwa na ncha ya kamba ya katani.

Nilimpa maji. Nilimuuliza kwa nini hakuita. Akasema alivuta kamba. Alivuta hadi akachoka. Alisikia kopo linalia kule chini.

Nilishuka ngazi mbiombio, nikamkuta Odeta anatwanga. Nikamuuliza kama hawakusikia kopo. Alisema walisikia, mchana kutwa. "Tukasema ni mbuzi."

Kisha akaniangalia usoni akaacha mchi. Nikamweleza yote. Aliita mama yake. Mama Shimba hakunisema. Alipanda ngazi na miguu mitupu, akaingia, akakaa chini karibu na Bibi, wakashikana mikono. Mimi nilibaki mlangoni na daftari la wageni.

Odeta ndiye aliyenieleza, nje, kwa sauti ya chini. Mama yake anajua Bibi ni mzima kwa sababu ya moto. Jua likichomoza na kigae hakijafika, mama anapanda kutazama. Na mzee wa juu asipopata kaa lake, naye anashuka kuuliza. Ndivyo walivyomkuta mwezi wa kumi, kabla hata umande haujakauka. "Ungekuwa ni wewe na jiko lako," alisema, "tungemkuta lini?"

Nimeng'oa misumari yote minne ya komeo kwa kisu cha jikoni. Nimejikata kidole. Nimestahili.

Jumamosi, 18 Desemba

Bibi ameamka na maumivu, lakini anasimama. Kabla ya jua ameniita. Amenipa kigae. Akasema leo nyonga haitaki ngazi, kwa hiyo niende mimi, na nisirudi na moto tu.

Nilishuka. Nilipiga hodi. Nilitaka kuomba radhi moja kwa moja, nilikuwa nimeipanga tangu nilipofumbua macho, ina aya tatu. Mama Shimba alinikatiza. Mwangaluka kwanza. Tumelalaje? Bibi amelalaje, ubavu gani? Amekula nini? Mimi kidole kimekuwaje? Mama yangu mjini hajambo? Nilijibu yote. Ajabu ni kwamba tulipomaliza, zile aya tatu zilikuwa hazihitajiki tena. Alinichotea makaa manne, moja zaidi, akafunika na majivu, akasema nimwambie Bibi furu weupe wameliwa na hakuna aliyekufa.

Kwa Mzee Mihayo nilitoa shikamoo. Akaitika marahaba, akapokea kaa lake kwa mikono miwili kama zawadi. Akaniuliza kama nina ujumbe wowote kutoka kwa mbuzi.

Nilipomaliza kuchochea nilimwambia Bibi kwamba sasa nimeelewa: kabla sijaleta vyangu hakuwa na kiberiti, ndiyo maana ilimlazimu aombe. Akacheka. Akaniambia nivute kikapu chini ya kitanda. Kulikuwa na viberiti ishirini na viwili, wanawe wanamletea kila Krismasi. Havijafunguliwa hata kimoja.

Jioni Odeta na Mzee Mihayo walichimbia vigingi viwili kando ya ngazi na kufunga mti mrefu wa kushikilia. Kamba waliyotumia ni yangu ya katani. Walimaliza kwa nusu saa. Ninakiri kwamba ni imara.

Kesho ni pikapu.

Jumapili, 19 Desemba

Nilipanga Baba mkubwa afike saa nne, akute Bibi ameketi, mkeka umefagiliwa, na mimi nimesimama na orodha. Alifika saa kumi na mbili na nusu, kabla sijanawa uso. Bibi hayupo.

Baba mkubwa ni mtu mzito. Alipanda jasho likimtoka, akakuta mlango wazi na kitanda kitupu. Akauliza yuko wapi mama yake, mgonjwa wa nyonga, saa hizi. Sikujua. Akasema nyumba hii haina ulinzi, ndiyo maana amekuja, sanduku liko wapi.

Sanduku lilikuwa palepale, khanga zimekunjwa. Mimi ndiye niliyezikunja. Alilibeba begani.

Akashuka nalo. Pale chini Mama Shimba alimzuia kwa salamu, na salamu za Mama Shimba hazipitwi. Akamweleza kwamba mama yake ameamka akiwa nafuu, ameshuka akishika ule mti, amelalia ubavu wa kushoto, jana jioni alikula ugali nusu sahani na samaki, na sasa yuko juu kwa Mzee Mihayo na kaa la moto. Asipotokea pale juu ya ngazi, kwenye jiwe lenye ufa, kabla maji hayajachemka, Odeta atapanda. Akamuuliza na yeye amelalaje. Na jirani yake kule Buhongwa, yule wa ng'ambo ya ukuta, mke wake alijifungua salama?

Baba mkubwa alisema hajui. Alisema hata jina la huyo jirani hajawahi kulishika.

Mama Shimba alitazama sufuria yake.

Bibi akatokea kwenye jiwe lenye ufa. Alimwona mwanawe na sanduku begani. Alikuja polepole, mkono mmoja kwenye mti, mwingine na kigae kitupu. Akamwambia alitue lile sanduku, linamkunja shingo, kisha akalete moto, kwa sababu yeye leo ameutoa wote na Nkwabi ndiye mwenye miguu mizima.

Na Baba mkubwa, mwenye geti la chuma na deki ya video, alishika kigae akaenda kuomba moto. Alichukua dakika arobaini. Aliporudi alikuwa anacheka na alikuwa ameshiba.

Bibi anabaki. Baba mkubwa ameweka sharti kwamba mti wa ngazi uwekwe saruji, na atakuja kila mwezi kuukagua. Alimsifu Odeta kwa ule mti. Mbele yangu. Mara mbili. Kisha akaniuliza mimi nilifanya nini. Bibi akajibu kabla yangu: nilihesabu hatari zote kumi na nne za nyumba, nikasahau moja tu iliyokuja na basi Ijumaa ile.

Wote walicheka. Nami nilicheka, baadaye kidogo.

Jumatatu, 20 Desemba

Adoyo, nimetafakari usiku kucha na sasa nimeelewa kosa langu lote. Moto ndio ulinzi. Kosa ni kwamba unaombwa kiholela.

Kwa hiyo leo nimetengeneza Ratiba ya Kuomba Moto. Ina safu sita: siku, saa ya kutoka, idadi ya makaa, mtoaji, hali ya nyonga, na sahihi. Mama Shimba atatia sahihi akitoa, Mzee Mihayo akipokea. Maswali ya salamu nimeyapunguza kutoka kumi na moja hadi matatu ya lazima, ili Bibi asichoke. Nimechora mistari kwa rula na kuibandika ukutani juu ya jiko.

Bibi aliisifu karatasi. Alisema ni kavu na nzuri. Niliporudi na maji sikuiona ukutani, lakini moto ulikuwa unawaka sana. Inaonyesha kazi imeanza kumpa moyo. Nimenakili nyingine nne, na ya tano ni kwa ajili ya bibi yako.

Ninaliweka daftari hili katika basi la kesho. Linarudi Mwanza Alhamisi, usikose kujibu kwa hilohilo, maana kwenye ratiba yake jina na saa nimeviachia nafasi kwa penseli: bibi yako anaomba moto kwa nani, na anaamka saa ngapi hasa?